Waya Mweusi wa Gisiri

Jumanne, 4 Machi

Mvua imefika leo saa nane mchana, na nadhani mimi peke yangu nimefurahi Rangwe nzima. Wauza mitumba walikimbiza mizigo yao, wakulima wakalalamika kwamba imekuja kabla hawajamaliza kulima. Mimi ni fundi wa umeme wa magari, na mvua ndiyo shamba langu. Maji yakiingia kwenye nyaya, watu hunikumbuka. Nimenunua daftari hili ili niandike magari yote yatakayopita mikononi mwangu msimu huu, halafu mvua ikikatika nijisomee na kujisifu.

Gari la kwanza ni Corolla kuukuu ya buti refu, nyeupe zamani, sasa rangi ya chai. Mwenyewe anaitwa Lynnet, mjane kutoka Sindo, analeta omena na mbuta kavu sokoni hapa kila Jumanne na Ijumaa. Gari aliachiwa na marehemu mumewe. Taa ya nyuma ya kulia ilikuwa haiwaki. Nilimwambia ashushe samaki kwanza, kwa maana banda langu lina sheria moja: sigusi buti lenye samaki. Harufu ya omena ikishika ovaroli haitoki hata ukiifua mara tatu. Hakubisha. Alishusha magunia manane na beseni moja, akasimama kando akijipangusa jasho.

Ilikuwa balbu tu, kazi ya dakika tano. Lakini nilipoinua zulia la buti niliona kitu cha kuaibisha: waya mweusi mnene umezungushiwa mpira wa tiubu ya baiskeli, umetoka kwenye taa za nyuma, umepita ubavuni hadi kwenye bolti ya mshipi wa kiti cha nyuma.

"Nani alikufanyia hii maneno?" nikamuuliza.

"Ni fundi moja wa Migori, mzee Gisiri. Bwanangu ndiye alipeleka gari kwake. Sasa ni miaka mbili."

Nikaukata ncha zote mbili, nikauchomoa. Kisha nikamwambia Lynnet akanyage breki, awashe indiketa, awashe taa za usiku. Zote ziliwaka. Nikamwonyesha kwamba ule waya ulikuwa unakula nafasi bure. Akacheka, akasema nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, ana mkono mwepesi. Ni kweli, ninao.

Waya wenyewe ni imara, lazima niseme. Nimeutumia kutundika kibao changu kipya juu ya mlango: KEMUMA, UMEME WA MAGARI. TAA IKIZIMA NJOO.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Pikipiki mbili na pikapu ya mwalimu. Zote zimepona.

Jumanne, 11 Machi

Lynnet amerudi. Anasema watu wa bodaboda walimpigia kelele njia nzima kwamba akikanyaga breki hakuna taa nyuma, na akiwasha indiketa taa zote zinapepesa kidogo halafu zinakufa. Nikamwambia ashushe samaki. Akashusha. Nikamwambia akanyage breki. Zikawaka vizuri, nyekundu safi.

"Ndio hivyo," akasema. "Nikitoka Sindo imezima. Nikifika kwako inawaka. Hii gari inakuogopa."

Nilikubali kwamba linaniogopa. Kisha nikafungua vikombe vya balbu, nikavisugua kwa msasa hadi vikang'aa, nikapaka grisi. Kutu ilikuwepo kidogo, kwa hiyo nina hakika ndiyo iliyokuwa ikileta taabu. Nadhani pia Lynnet anapita kwenye madimbwi bila kupunguza mwendo. Wenye magari hawapendi kukiri mambo haya.

Ijumaa, 14 Machi

Lynnet amepita hapa bila kusimama. Nikadhani kazi imeisha.

Jumanne, 18 Machi

Haikuisha. Ijumaa hakusimama kwa sababu alikuwa na aibu ya kunisumbua, hayo ameniambia mwenyewe leo. Taa zilizima tena kutoka Sindo hadi Homa Bay. Alishusha samaki, nikajaribu, zikawaka.

Safari hii alikuja na shemeji yake, Javan, mwanamume mrefu mwenye koti la mvua la kijani. Lynnet anamwita yuora, ndivyo wao wanavyowaita mashemeji. Gari bado liko kwa jina la marehemu, na kwao Javan ndiye mwenye kauli. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Fundi, mimi nitaongea tu mara moja," akasema. "Hii gari ikizima taa tena, nauza. Kuna mtu Homa Bay anataka hata kesho."

"Yuora, ukiuza nitabebea nini samaki?" Lynnet akauliza, kwa sauti ya chini.

"Si ulikuwa unafanya kazi beach kabla hujaolewa? Utarudi."

Nilijua maana ya kurudi ufukweni: kuanika omena za watu wengine kutwa nzima, wakati hapa sokoni wanawake wanamngoja yeye afike ndipo biashara ianze. Nilimchukia Javan palepale. Nikamwambia kwamba ameleta gari kwa fundi, hakulileta kwa mganga, na fundi akisema limepona limepona. Nikabadilisha fyuzi na swichi ya breki, ingawa zote mbili zilikuwa nzima. Nilitaka Javan aone mikono ikifanya kazi.

Jumamosi, 22 Machi

Sabato. Nilijaribu kusikiliza mahubiri. Niliwaza nyaya.

Jumanne, 25 Machi

Limerudi. Limewaka. Nimefungua kila kiungo cha waya kuanzia mbele hadi nyuma na kukilehemu upya kwa risasi. Ni kazi ya kutwa nzima, na nimeifanya vizuri kuliko ambavyo ningelifanyia gari langu mwenyewe, kama ningekuwa nalo. Nyaya za huyo Gisiri zilikuwa zimepindwa kwa vidole na kufungwa tepi. Nimemwambia Lynnet kwamba shida yote hii ni mikono ya mzee wa Migori, mimi namaliza takataka zake. Lynnet aliitikia tu. Alikuwa ameshusha na kupandisha magunia yale kwenye mvua, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua kubwa. Sikumwona.

Jumanne, 1 Aprili

Leo nina mengi, na si ya kujisifu.

Lynnet alifika saa nne badala ya saa mbili. Gari lilikuwa na matope hadi kwenye vioo na upande wa kushoto lilikuwa limejikwaruza kwenye kingo. Nilianza kumwambia ashushe samaki, kisha nikaona uso wake nikamvutia kiti. Alikaa kwenye kiti changu akaomba maji.

Alikuwa anateremka kuelekea Homa Bay, mvua inanyesha, lori la mchanga nyuma yake. Mbuzi wakakatiza barabara. Akakanyaga breki. Dereva wa lori hakuona taa yoyote, akaja moja kwa moja. Lynnet aliona lori limejaa kioo chake cha nyuma, akakata kona akaingia mtaroni. Lori likapita likipiga honi. Dereva alisimama mbele, akarudi kwa miguu. Hakumtukana. Alimshika bega akamwambia, "Mama, wewe huna taa hata moja." Katika kusimulia, Lynnet alilia hapo tu, yule dereva alipomshika bega.

Nilijaribu taa. Ziliwaka.

Ninaandika jambo hili wazi kwa sababu daftari ni langu: niliogopa. Tangu nianze kazi hii sijawahi kuogopa gari. Yapo magari nisiyoyajua bado, lakini sijawahi kukutana na gari linaloniambia uongo mara nne usoni.

Javan alikuja jioni mvua ilipopungua, baada ya kupata habari. Nilijiandaa kwa maneno. Hakuwa na maneno mengi. Alizunguka gari, akagusa pale lilipokwaruzika.

"Nilizika ndugu yangu juzi juzi tu," akasema. "Sitaki kuzika na huyu. Jumanne ya tarehe kumi na tano nakuja na mnunuzi. Wiki mbili zinatosha kupanga mambo."

Nilikuwa nimemwona kama mtu mwenye tamaa ya mali ya marehemu. Sasa sijui nimwite nani, maana kama ningekuwa yeye ningeliuza leo.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekasirika. Nimechora nyaya zote za gari lile kwenye karatasi na kuzifuata kwa kidole. Moto unatoka kwenye betri, unafika kwenye taa, halafu lazima urudi kwenye betri. Huo wa kurudi hupitia mwili wa gari, na njia hiyo sisi mafundi huiita graundi. Graundi ya taa za nyuma imefungwa kwa skrubu kwenye sakafu ya buti. Niliisafisha wiki ya pili. Iko sawa. Kila kitu kiko sawa, na Lynnet nusura afe.

Alhamisi, 3 Aprili

Pikapu moja. Nimeitengeneza bila kuongea na mwenyewe. Akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekwenda Migori kumtafuta Gisiri. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kuhusu ufundi wa tepi na tiubu, na nilifika kwake kabla ya saa sita.

Ni mzee mfupi, Mkuria, miwani yake imefungwa waya sikioni. Ana kibanda nyuma ya duka la mbegu na magari matatu yanamngoja, kitu ambacho sikukipenda. Nilijitambulisha kwamba ni fundi wa Rangwe na kwamba nina gari lake la Sindo, Corolla ya samaki. Uso wake ukakunjuka.

"Ile ya marehemu? Hiyo gari ilinipatia kazi, binti yangu. Nilishinda siku mbili ndani ya buti na samaki."

"Na samaki? Kwa nini usiwaambie washushe?"

"Si nilifanya hivyo kwanza? Wakishusha inawaka. Wakipakia inazima. Nikasema basi, wacha samaki zikae, mimi niingie ndani." Alicheka hadi akakohoa. "Hiyo sakafu ya buti ilioza na kutu, wakaweka kiraka ya bati, wakapiga ribiti. Na graundi iko juu ya hiyo kiraka. Ukiweka mzigo, kiraka inashuka kidogo, inaachana na gari. Moto haina njia ya kurudi. Ndio nikavuta waya ingine mpaka kwa bolti ya mshipi. Ni mbaya kuangalia, najua. Macho yangu si mazuri, nilifunga na tiubu ili chumvi isiingie. Bado iko?"

Nilisema kwa ukali, "Sikuona waya."

Ndivyo nilivyosema. Mzee alinitazama kupitia ile miwani, kisha akainama kuendelea na kazi yake.

"Basi angalia tena," akasema. "Ni nyeusi."

Nilishuka Rangwe jioni na kulikuwa bado na mwanga. Kibao changu kilikuwa kinaning'inia juu ya mlango, KEMUMA, UMEME WA MAGARI, na waya wa Gisiri ndio ulioshikilia. Nimepita chini ya waya ule kila asubuhi kwa wiki tano. Lynnet aliniambia waziwazi, tena mara mbili: nikitoka Sindo imezima, nikifika kwako inawaka. Kati ya Sindo na banda langu hakuna kilichobadilika ila samaki, na mimi ndiye niliyekuwa nikiamuru washushwe. Nimejiona mjinga, na nimeona haya.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeshusha kibao, nimechukua waya, nimekwenda Sindo.

Nilimwambia Lynnet apakie kama siku ya soko. Magunia manne, taa zinawaka. Magunia sita, zikafifia. La saba lilipotua, zikafa zote, na indiketa ikaanza kupepesa mahali pa breki. Wanawake waliokuwa wanaanika omena waliacha kazi wakaja kutazama. Nikapanda ndani ya buti nikalala juu ya magunia, uso wangu ukiwa sentimita chache kutoka kwenye beseni la mbuta, nikapitisha mkono ubavuni. Kiraka kilikuwa kimeshuka upana wa ukucha. Nikafunga waya mweusi mahali pake pa zamani, ncha moja kwenye taa, nyingine kwenye bolti ya mshipi. Niliyabadilisha mafundo yake tu. Ule mpira wa tiubu nimeuacha.

"Kanyaga," nikasema.

Wanawake walipiga makofi, kwa hiyo nikajua kabla sijageuza kichwa.

Lynnet alinikumbatia nikiwa nanuka kama yeye. Akawaambia wenzake kwamba nyar Kisii ameifuata gari hadi nyumbani kwake, kwamba hakuna fundi mwingine angefanya hivyo. Akanifungia mbuta kwenye gazeti. Nilipaswa kusema palepale. Nilisema asante.

Ijumaa, 11 Aprili

Amepita na mzigo. Taa zinawaka. Alipiga honi. Nimeshindwa kula ile mbuta, nimempa jirani.

Jumanne, 15 Aprili

Javan alikuja na mnunuzi kama alivyosema. Nilitarajia mtu nisiyemjua. Alikuwa Ratemo, anayenunua magari makuukuu huko Homa Bay na kuyauza vipande vipande, na ambaye kila Sabato hukaa viti viwili nyuma yangu kanisani. Mdomo wa Ratemo haujawahi kushika siri.

Lynnet alikuwa amefika na mzigo wake kamili. Alimwambia Javan kwamba gari limepona, fundi amelitengeneza Sindo mbele ya watu. Javan akanigeukia bila ubaya wowote.

"Fundi, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu ulisema imepona. Kumi na nane ukasema. Ishirini na tano ukasema. Sasa hii ya leo niamini namna gani? Gari imezeeka. Wewe umefanya yako, lakini gari imezeeka."

Ratemo alikuwa tayari ameinama anagongagonga milango. Lynnet alinitazama mimi. Alikuwa anangoja niseme kitu, na nilikuwa nacho, ila kilikuwa kimoja tu.

"Gari halijazeeka," nikasema. "Mimi ndiye niliyeliharibu."

Ratemo aliacha kugonga.

Niliwaeleza yote, kwa sauti, maana kama unakunywa dawa chungu ni afadhali uimalize mara moja. Kwamba mzee Gisiri alilitengeneza vizuri miaka miwili iliyopita. Kwamba tangu siku ile taa hazijawahi kuzima ila balbu moja. Kwamba niliukata waya wake kwa sababu ulikuwa na sura mbaya, nikalijaribu gari likiwa tupu kwa sababu sipendi harufu ya samaki, kisha waya nikautundikia kibao changu. Kwamba nilimsingizia mzee wa watu. Kwamba lile lori lilikuwa kosa langu.

Kisha nikamwambia Lynnet akanyage breki, mzigo ukiwa ndani. Zikawaka. Nikaingia butini na spana nikautoa waya kwenye bolti. Zikazima. Nikaurudisha. Zikawaka. Nilifanya hivyo mara tatu hadi wauza nyanya wa ng'ambo ya barabara wakawa wanahesabu pamoja nami.

Javan aliinama akazigusa taa kwa kidole. Nilimwambia, "Ukitaka kumwondoa mtu barabarani, niondoe mimi. Gari halina kosa."

"Wewe hukusema haya Sindo," Lynnet akasema. Hakuwa anauliza.

"Sikusema. Niliona haya."

"Mimi nilishusha hizo gunia kwa mvua. Kila mara."

"Najua. Nisamehe, mama."

Aligeuka akafunga buti. Javan alimwomba Ratemo radhi kwa kumpotezea safari, akamwambia gari halitauzwa. Kisha akamwambia Lynnet kwamba mwezi ujao wataenda pamoja kubadilisha jina la mwenye gari, liwe lake. Akaondoka na koti lake la kijani, hakuniaga. Lynnet naye akaondoa gari akaenda kupanga samaki wake.

Jumamosi, 19 Aprili

Sabato. Ratemo alifika kabla yangu. Nilipoingia, kina mama walikuwa wananitazama kwa huruma ya watu wanaojizuia kucheka. Mmoja akaniuliza kama kibao kimepata waya mwingine. Nikamwambia bado, na kwamba kama gari lake lina shida alilete likiwa na kila kitu ndani, hata ng'ombe. Wakacheka, nami nikacheka.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekwenda tena Migori. Nilimwambia mzee Gisiri kwamba niliuona waya, kwamba ndimi niliyeukata. Akasema alijua tangu siku ile, kwa sababu mtu ambaye hajaona waya hakasiriki hivyo. Akanipa kiti. Nikashinda naye hadi jioni nikimtazama akifanya kazi, na nikamshikia testa kila alipohitaji.

Alhamisi, 24 Aprili

Jua. Gari moja la kanisa Katoliki, taa ya mbele. Nimemwambia katekista asishushe viti alivyobeba.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua inaelekea kukatika. Nimesoma daftari hili lote leo asubuhi kama nilivyokusudia. Magari thelathini na mawili yamepona, na moja nililiumiza kabla ya kuliponya. Bado mimi ni fundi mzuri kuliko wengi, na nitaendelea kusema hivyo. Ila sasa naanza kwa kuuliza gari linazima likiwa limebeba nini.

Lynnet alisimamisha gari mbele ya banda saa mbili, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Mzigo ulikuwa juu hadi kwenye paa. Hakushuka. Alikanyaga breki mara mbili ili nione, kisha akateremsha kioo akanirushia kitu kilichoviringwa.

"Kibao haiwezi kukaa chini," akasema. "Watu watafikiri umehama."

Ilikuwa kamba ya nyavu, imara, inanuka samaki hadi ndani ya banda. Nimekitundika kibao kwayo.